Mabehewa Hayarudi Matupu

Sogeeni. Hadithi imefika mlangoni na mzigo kichwani. Itueni kwanza, maswali yatakuja mwishoni.

Palikuwa na nchi iitwayo Uhando, nchi ya vilima na reli moja. Ilikuwa imepata uhuru miezi kumi tu, na bendera yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Wahando walikuwa na desturi ambayo mtoto aliijua kabla hajajua kuvaa viatu: jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu. Weka yai, weka chumvi, weka hata konzi ya maharage, lakini usirudishe sahani ikilia. Desturi hiyo ilikuwa na mkia. Jirani akikuletea chakula chenye mchanga, hugombani naye. Unamrudishia mchanga wake uleule, umeufunika kwa kitambaa safi, na unamshukuru kwa adabu. Akifunua ataelewa mwenyewe.

Katika nchi hiyo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Sikudhani, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Kilima cha Sambwe. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alichosikia mara moja hakikumtoka tena. Alipokuwa mdogo aliweza kuimba misa nzima kwa lugha ya padri, neno kwa neno, bila kujua kama anaomba msamaha au anaomba mvua. Shule aliiachia darasa la sita, baba yake alipofariki. Sare yake ikapunguzwa ikawa ya mdogo wake. Bibi yake, Bibi Nangoma, akamtafutia kazi ya kuandaa chai Ikulu, mjini Makoro. Siku ya kwanza mkuu wa wahudumu alimwapisha, mkono juu ya birika: "Sikio la mhudumu ni kaburi. Kinachoingia hakitoki." Sikudhani akaapa, na alimaanisha.

Wa pili alikuwa Mzee Lusewa, mfunga lakiri wa stesheni ya Makoro. Kila behewa lililopakiwa mzigo alilifunga kwa waya na kipande cha risasi kilichopigwa muhuri, na hapana mkono ulioruhusiwa kukikata mpaka mwisho wa safari. Kipaji chake kilikuwa jicho. Aliangalia springi za behewa zilivyolala, akakwambia kilichomo. "Hilo pamba. Lile chumvi, na imenyeshewa njiani." Wakifungua, ni hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kukata lakiri ya mtu mwingine, na alijivunia jambo hilo kuliko watoto wake saba.

Wa tatu alikuwa Ilmar, kijana mgeni, mkalimani katika ubalozi wa Dola Kuu. Dola Kuu lilikuwa taifa lenye nguvu kuliko yote ya wakati ule. Meli zake zilikuwa nyingi kuliko nyumba za Uhando. Kipaji cha Ilmar kilikuwa ulimi. Alichukua maneno ya lugha moja akayaweka katika lugha nyingine bila kuongeza wala kupunguza. Siku moja Balozi wake alionja supu ya soko la Makoro, akanong'ona jambo. Mpishi akauliza, "Amesemaje?" Ilmar akamjibu, "Amesema ni maji ya kuoshea masufuria." Mpishi akamfukuza kwa mwiko mpaka kwa wauza vitunguu. Kesho yake alimpakulia bakuli mbili. "Kula, shemeji," alimwambia. "Nchi hii ina wasifiaji wengi. Nilikuwa sina mkosoaji."

Watu hao watatu walijuana kwa sura tu, kama watu wa mji mdogo wanavyojuana.

Mwaka huo mvua zilikosekana. Mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti. Dola Kuu lilipopata habari likatuma zawadi: garimoshi la mabehewa arobaini ya unga wa ngano. Lilipoingia Makoro, watu walikuwa wamejipanga kando ya reli tangu alfajiri, na akina mama wakalitandikia njia kanga zao. Mabehewa ishirini na nane ya mbele yakafunguliwa, unga ukateremshwa. Kumi na mawili ya nyuma yakasukumwa kwenye reli ya pembeni, yamefungwa kwa lakiri ya ubalozi. Ikasemekana ni vifaa vya ofisi.

Siku ile ile, palepale stesheni, ilifanyika hafla ya kupokea zawadi. Rais alikaa kati. Waziri wa Mambo ya Nje, Bwana Chambiko, alisimama kuhutubia. Alikuwa mwalimu kabla ya uhuru, mtu mwema, mwenye koti moja la sherehe. Alitaka wageni wajue kwamba Wahando ni maskini lakini wamelelewa.

"Mheshimiwa Balozi," alisema, "sisi hapa kwetu chombo hakirudi kitupu. Mabehewa haya hayatarudi kwenu matupu. Mtakachokitamani katika nchi yetu, semeni, nacho tutakipakia kwa mikono yetu."

Watu wakashangilia. Katika mawazo yake Bwana Chambiko aliona vikapu, mikeka, pengine ndama mmoja mwenye utepe shingoni. Ilmar, aliyesimama bega kwa bega naye, alitafsiri neno kwa neno.

Balozi Varden akatabasamu. Aliandika kitu katika kijitabu chake, akamwinamia ofisa wa jeshi aliyekaa karibu, akamwambia maneno mengi kwa sauti ya chini. Sikudhani alikuwa nyuma yao na birika. Alimwekea Balozi kijiko cha pili cha sukari, na maneno yale ya kigeni yakamwingia sikioni, yakakaa mle pamoja na misa ya padri. Hakujua maana yake hata moja.

Baada ya wiki mbili ikaja barua.

Sikudhani aliingia na sinia katika ofisi ya Rais wakati Bwana Chambiko anaisoma. Waziri alisoma mstari, akaurudia kama mtu anayedhani macho yake yamekosea. Serikali ya Dola Kuu inashukuru kwa ukarimu uliotangazwa hadharani. Inakubali kuchagua. Inachokitamani ni Kilima cha Sambwe, pamoja na chemchemi yake, kwa miaka tisini na tisa, ili kuweka kambi ya askari na mitambo ya kutazama anga. Wakazi waondoke katika siku arobaini.

Sikudhani alisimama na sinia. Kisha akaiweka mezani, akamimina chai katika kikombe kilichokwisha kujaa.

"Watu elfu tatu," Rais alisema.

"Nilifikiri watataka mikeka," Bwana Chambiko akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa ghafla. "Mheshimiwa, naapa. Nilifikiri mikeka."

"Tukatae," Rais alijaribu.

"Unga tumeshakula," Waziri akajibu.

Kisha Rais akasema neno lililomkaa Sikudhani kuliko barua yenyewe: "Tuna miezi kumi, Chambiko. Taifa likikana neno lake la kwanza mbele ya dunia, nani ataliamini la pili?"

Jumapili Sikudhani alipanda Sambwe kumwambia bibi yake. Alimkuta uani anapembua maharage, kaburi la baba likiwa hatua kumi kutoka mlangoni, kando ya ua wa minyaa. Akamwambia yote. Bibi Nangoma aliendelea kupembua, lakini Sikudhani aliona kwamba mawe anayaweka upande wa maharage, na maharage anayatupa.

"Waambie wachukue kilima cha ng'ambo," bibi alisema hatimaye. "Hiki kina watu."

"Bibi, si mimi ninayeamua. Mimi ni mtu wa chai."

"Mtu wa chai ndiye anayekaa karibu na midomo yao. Wewe umesikia nini?"

"Nimeapa, bibi."

"Sikukuuliza umeapa nini."

Sikudhani akainuka kuaga. Aliporudi Makoro, maneno ya Balozi yalikuwa yanamzunguka kichwani kama nyuki ndani ya kibuyu.

Siku ya kutia saini ilipangwa iwe Jumamosi, palepale stesheni neno lilipotolewa, kisha garimoshi lianze safari ya kurudi. Ijumaa asubuhi Sikudhani alitumwa kupeleka meza na vitambaa. Alimkuta Ilmar anapanga viti.

"Kaka Ilmar," alimwambia, "nikikupa maneno, utanipa maana?"

"Ndiyo kazi yangu, dada. Nipe."

Akampa. Aliyatoa kama yalivyoingia, pamoja na pumzi ya Balozi na mahali alipomeza chai. Ilmar alikuwa ameshika kiti. Akakiweka chini polepole, kisha akakikalia.

"Nani kasema hayo?"

"Balozi wako. Siku ya hafla, kijiko cha pili cha sukari."

Ilmar alitazama reli. "Usiniulize maana leo," alisema. "Nikikuambia hapa pembeni, nitakuwa mpelelezi, na wewe hutaaminiwa na mtu. Niulize kesho mbele yao. Mbele ya watu, mimi nikiulizwa neno nalitafsiri. Sijui kufanya kingine."

"Na mimi nikisema mbele yao nimevunja kiapo."

"Basi kila mmoja wetu alale na chake."

Mzee Lusewa alikuwa anapita na kopo lake la risasi. Aliwaona lakini hakusikia. Yeye naye alikuwa na lake. Tangu siku garimoshi lilipoingia alikuwa ameona kitu katika springi za mabehewa ya nyuma, na kila asubuhi alipita upande wa pili wa stesheni ili asikione tena.

Jumamosi ikafika. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Rais alikaa, Balozi Varden alikaa, karatasi zikawekwa. Watu wa Sambwe walikuwa wameteremka wote, wamesimama ng'ambo ya reli bila kupiga kelele. Bibi Nangoma alikuwa mbele, na yai moja mkononi limefungwa kwenye pindo la kanga. Hapana aliyejua kwa nini amelileta.

Bwana Chambiko alichukua kalamu. Akaichovya wino.

Hapo ndipo Sikudhani alipoweka sinia chini.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Chai baadaye, binti," Waziri alisema bila kuinua macho.

"Si chai."

Mkuu wa wahudumu akamkodolea jicho la birika na kiapo. Sikudhani alilikwepa kwa kumtazama bibi yake. Kisha akafungua kinywa, na lugha ya Dola Kuu ikamtoka, laini, isiyo na kigugumizi, kwa sauti ya Balozi mwenyewe. Ofisa wa jeshi aliinuka nusu, akakaa. Balozi Varden alibaki ameshika kikombe hewani. Wahando walitazamana: mtoto wa darasa la sita, mtu wa chai, amepandwa na nini?

Alipomaliza, Rais akageuka. "Mkalimani. Amesema nini?"

Kabla Ilmar hajajibu, Balozi alimrushia maneno mafupi. Ilmar akasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Kisha akasimama.

"Balozi ameniagiza niseme kwamba msichana huyu anaropoka," alisema. "Hiyo ni tafsiri ya maneno ya Balozi. Tafsiri ya maneno ya msichana ni hii: 'Waache washibe kwanza. Waya na nguzo za kuzungushia kile kilima ziko mabehewa ya nyuma. Sisi tulidhani tutaomba mwaka mzima, na huyu waziri ametupa kwa hotuba moja. Nitampelekea saa.'"

Bwana Chambiko akaangalia kifundo cha mkono wake. Saa ilikuwepo, mpya, iliyoletwa siku mbili baada ya hafla na kadi ya salamu. Aliivua, akaiweka juu ya kitambaa cheupe, akarudisha mkono haraka kama mtu aliyegusa jiko.

Balozi Varden hakupaza sauti. Alizungumza, na Ilmar akamtafsiri yeye naye, maana kazi ni kazi: "Mheshimiwa Rais, hapa kuna mhudumu mmoja na karani mmoja ambaye kuanzia dakika hii hana kazi. Maneno ni upepo. Mabehewa yale yana lakiri ya ubalozi. Atakayeikata atalitukana Dola Kuu, na kesho yake hamtakuwa na balozi wetu, wala unga wetu, wala kiti katika Baraza la Mataifa. Ni uamuzi wenu."

Rais alitazama lakiri. Waziri alitazama lakiri. Walinzi walitazama viatu vyao. Ilikuwa kweli: neno la msichana na tafsiri ya kijana vilikuwa vimesimama mlangoni, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na hapana mkubwa aliyethubutu kuamuru ufunguliwe.

Wakasikia nyayo kwenye kokoto. Mzee Lusewa alikuwa anakuja na koleo la kukatia waya.

"Behewa la ishirini na tisa mpaka la arobaini," alisema, kama anasoma ratiba. "Springi zimelala vidole vinne. Unga haulazi springi hivyo. Ungekuwa unga mzito kiasi hicho, tungeukata kwa msumeno."

"Mzee, hujaamriwa," mkuu wa stesheni alimwambia.

"Najua, bwana mkubwa. Ukiniamuru utakuwa umelitukana Dola wewe. Acha nilitukane mimi, mimi mzee, nitasamehewa au nitakufa."

Alivua kofia yake ya reli, akaiweka juu ya chuma cha reli, taratibu, kama anaweka mtoto. Mkono wake ulisita. Miaka thelathini na moja ilikuwa kwenye mkono ule. Kisha koleo likabana, risasi ikadondoka, na mlango wa behewa la ishirini na tisa ukasukumwa.

Ndani kulikuwa na seng'enge. Mizingo kwa mizingo, mipya, inayong'aa mafuta, imepangwa mpaka darini. Nyuma yake nguzo za chuma. Na mbele kabisa, limeegemezwa kwa uangalifu lisikwaruzike, bango la bati lililoandikwa kwa rangi nyekundu. Sikudhani alilisoma kwa sauti, kwa kusoma kwake kwa darasa la sita: "KILIMA CHA SAMBWE. MARUFUKU KUPITA."

Mama mmoja alikaa chini palepale kwenye kokoto. Rangi ile ilikuwa imekauka kitambo. Jina la kilima lilikuwa limepakwa katika nchi ya mbali, likasafiri baharini na katika reli, likapita juu ya kanga za akina mama, kabla Bwana Chambiko hajasimama kusema neno lolote juu ya vyombo na ukarimu.

Lakini kilichomshtua Sikudhani zaidi kilikuwa uso wa Ilmar. Kijana alikuwa analitazama bango kama mtu aliyekutana na nguo yake mwilini mwa mwizi.

"Maneno hayo ni yangu," alisema. "Kabla hatujaondoka kwetu nilipewa karatasi yenye mistari ishirini, nitafsiri. Sikuuliza ya nini. Niliona fahari kwamba nimeandika vizuri."

Mzee Lusewa alikuwa bado ameshika koleo. "Na mimi springi hizi niliziona siku ya kwanza," akasema. "Wiki tatu. Nilipita upande wa pili."

Sikudhani alijua kwamba naye alikaa na maneno yale wiki tatu, akiyaita kiapo.

Rais akainuka. Alichukua karatasi isiyotiwa saini, akaikunja mara mbili. "Mheshimiwa Balozi," alisema, "neno letu halijavunjika. Mabehewa hayatarudi matupu."

Wahando wakaelewa kabla hajamaliza. Walifunga lile behewa na seng'enge yake ndani, na Mzee Lusewa akaliwekea lakiri mpya kwa mkono wake. Yale mengine kumi na moja hayakuguswa. Juu ya mlango wa la ishirini na tisa akina mama walifunga kanga safi kama kitambaa cha kufunikia sahani. Mabehewa ishirini na nane ya unga, yaliyokuwa matupu, watu wa Sambwe waliyatilia walichonacho wakati wa njaa: mkeka, chungu, konzi ya chumvi, konzi ya maharage. Bibi Nangoma alifungua pindo la kanga, akaliweka yai lake kwenye kona ya behewa la kwanza, juu ya nyasi. "Chungeni lisivunjike," alimwambia dereva wa garimoshi. "Wao wametulisha. Unga ulikuwa unga."

Garimoshi likaondoka limejaa.

Watu walingoja adhabu. Badala yake, baada ya miezi miwili, Dola Kuu lilileta balozi mwingine, mtu mkimya, aliyekuja na barua fupi: tuanze upya, kama nchi na nchi. Inasemekana habari za yai zilifika mbali kuliko habari za seng'enge; nchi nyingine changa zilizisikia, zikaanza nazo kukagua springi. Uhando ikakaribishwa kuingia Baraza la Mataifa, katika mji mkuu wa Dola Kuu, na bendera yake ipandishwe mbele ya ulimwengu. Ndege ilikuwa na viti viwili kwa ajili ya Wahando. Kimoja cha Rais. Cha pili, Rais aliamua, kitakuwa cha yule aliyeokoa Kilima cha Sambwe. Huyo ndiye atakayebeba bendera.

Ndipo shida ilipoanza.

Maana wakati huo Sikudhani alikuwa amevuliwa aproni. Mkuu wa wahudumu hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba Ikulu ambayo mtu wa chai anasema alichosikia haiwezi kuwa Ikulu, hata akisema jambo jema. Mzee Lusewa aliondolewa kazini, kwa kuwa sheria ya reli haikuwa na mstari unaosema "isipokuwa." Na Ilmar alinyang'anywa pasi yake ya kusafiria, akawa anakaa chumba cha nyuma cha stesheni, mtu asiye na nchi, akifundisha watoto wa makuli hesabu, na kila mchana akitumiwa supu na yule mpishi wa sokoni.

Wakaitwa watatu mbele ya Rais, wakaulizwa mmoja mmoja.

Mzee Lusewa alisema, "Bila mimi, mngekuwa na maneno mazuri na mlango uliofungwa. Mimi nimefunga mabehewa miaka thelathini na moja, yameenda kila mahali. Sijawahi kupanda hata moja. Ningependa kwenda mahali, kabla sijaenda mahali pengine."

Ilmar alisema, "Bila mimi, msichana angekuwa kasuku, na mzee angekuwa mhalifu. Mama yangu yuko katika mji ule, ni mgonjwa. Bila bendera yenu mkononi hawataniruhusu nishuke kwenye ndege."

"Mgeni abebe bendera yetu?" mmoja wa mawaziri aliuliza.

"Na aliyeandika bango?" mwingine akaongeza.

"Mimi niliyetoa kilima ni Mhando halisi, baba na mama," Bwana Chambiko alijibu kwa upole. "Nakumbusha tu."

Sikudhani akawa wa mwisho. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, yakampotea, yeye ambaye hakuwahi kupoteza neno. "Bila mimi kusingekuwa na neno la kutafsiri wala sababu ya kukata lakiri," alisema. "Nina lugha ya watu wale kichwani, yote niliyoisikia, na sijui maana yake. Nataka kwenda mahali ambapo nitaambiwa maana. Shule yangu ilikatwa. Hiki ndicho kiti pekee kilichowahi kuachwa wazi mbele yangu."

Rais aliwatazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema yeye atakosea vyovyote atakavyoamua, na akairudisha bendera kwa watu wa Sambwe: kilima ni chao, waamue wao.

Watu wa Sambwe wakamwachia Bibi Nangoma uamuzi, na bendera ikapelekwa kwake aipige pindo upya, kwa kuwa upepo ulikuwa umeanza kuichana. Ameshaimaliza. Ameikunja, ameiweka magotini. Ndege inaondoka Alhamisi. Mbele yake wamesimama watatu: mjukuu wake aliyevunja kiapo, mzee aliyekata lakiri, na kijana aliyeipoteza nchi yake kwa kukataa kubadilisha neno. Mmoja ni damu yake, na ndiyo maana hajiamini kuamua. Kwa hiyo anainua macho, anakutazama wewe uliyekuwa umekaa unasikiliza kimya muda wote huu, kama mtu wa chai.

Umesikia yote. Bendera hii hapa. Wewe ungemkabidhi nani?